Manyoni, Ghuba, na Mali ya Mlango Mmoja

Magharibi ya Dodoma, baada ya bonde la Bahi, ardhi huinuka kama ukuta. Gari la moshi la zamani lilitweta kupanda ukuta huo kutoka Kintinku hata Saranda, na lilipofika Manyoni ndipo lilipopata tambarare na pumzi. Mji huo wa Mkoa wa Singida haukupata kuwa makao ya dola kubwa, wala hapana kisima cha mafuta kilichopata kuutajirisha. Hata hivyo, mambo ya Manyoni na mambo ya nchi za Ghuba yamegusana mara nyingi kuliko ramani inavyoonyesha, na aghalabu yamegusana kwa sababu ya jambo moja, yaani mali na nguvu zinazoiendesha.

Siku hizi husemwa sana juu ya juhudi za Saudi Arabia, Kuwait, Oman na Falme za Kiarabu za kuacha kutegemea mafuta peke yake. Husemwa kana kwamba jambo hilo limezuka juzi. Lakini hatari ya kuishi kwa mali yenye mlango mmoja ni ya zamani, nayo Ghuba iliijua kabla ya kuyajua mafuta. Manyoni nayo iliijua, ingawa kwa upande wa pili, upande wa wale ambao mali ya wengine hupita kwao ikienda zake. Kwa hiyo anayetaka kupima juhudi za Ghuba hatapoteza wakati wake akianza kuitazama njia ipitayo Manyoni.

Pembe na lulu

Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilivuka Ugogo, ikapanda ule ukuta, kisha ikaingia katika pori lililoitwa Mgunda Mkali. Jina lenyewe latosha kueleza habari zake. Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton alieleza hofu ya wapagazi kwa kiu na njaa ya pori hilo. Wasafiri walipumzika penye jabali lililojulikana kwa jina la Jiwe la Mkoa, wakahesabu siku zilizobaki kabla ya kufika Tura. Vichaka vilivyosongamana vya Itigi ni mabaki ya ukali huo hata leo.

Katika Ugogo kitu kilichokuwa adimu kuliko vyote kilikuwa maji. Watemi wa Wagogo walifahamu thamani yake, wakatoza hongo kwa kila msafara, nguo, shanga na waya za shaba, ndipo wageni wakaruhusiwa kupita na kunywa. Wazungu wengi waliandika juu ya hongo kwa hasira, wakaiita unyang'anyi. Lakini ukiiangalia kwa utulivu, hongo haikuwa na tofauti kubwa na ushuru wanaotoza leo wenye bandari, au mrabaha watozao wenye visima. Mwenye kitu ambacho mpita njia hawezi kukikosa alikiuza kwa bei aliyoitaka. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, kwamba ilitegemea misafara. Misafara ikikoma, hongo nayo hukoma, na maji hubaki maji.

Mali iliyopita njia hiyo kwenda pwani ilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa, ambao jasho na damu yao haifai kusahauliwa katika hesabu yoyote ya utajiri wa enzi hiyo. Pembe zilikwenda Unguja, ambako Sayyid Said alikuwa amehamishia kiti chake kutoka Maskati, na faida yake ikagawanyika baina ya wafanya biashara wa Unguja, Oman, Bara Hindi na Ulaya. Lakini ndovu hawazaliwi upesi kama wanavyouawa. Wawindaji walimaliza waliokuwa karibu, wakazidi kusogea magharibi, hata ilipofika miaka ya 1870 wafanya biashara wa namna ya Tippu Tip walikuwa wakitafuta pembe Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Unguja yenyewe ilikuwa imejifungulia mlango wa pili, nao ulikuwa zao la karafuu. Huo nao ukawa mlango mwembamba, maana tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata Sayyid Barghash akalazimika kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Katika muda wa miaka miwili dola iliyoonekana kuwa na nguzo mbili ilitikisika katika zote mbili, kwa kuwa mashamba ya karafuu yalilimwa na mikono ile ile iliyoletwa na misafara. Hapa pana somo la kwanza. Kuwa na mazao mawili si kuwa na milango miwili, ikiwa yote mawili yanasimama juu ya msingi mmoja.

Wakati huo huo, kule Ghuba, watu wa Bahrain, Kuwait, Qatar na Dubai waliishi kwa lulu. Wapiga mbizi walizama katika joto la kiangazi, na wengi wao waliishi na deni la nahodha hata kufa kwao. Msimu wa lulu ulipopita, majahazi yalifuata pepo za kaskazi hadi Lamu na maingilio ya Rufiji, yakarudi na boriti za mikoko za kuezekea nyumba katika nchi isiyo na miti. Kisha Wajapani wakajua kuotesha lulu katika chaza, na baada ya mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Baina ya mambo hayo mawili biashara ya lulu ilivunjika, na miji mizima ikaona njaa. Mafuta yalipatikana Bahrain mwaka 1932, wakati ule ule wa dhiki. Yaani mlango mmoja ulifungwa, na kwa bahati kuliko kwa akili, mwingine ukafunguka. Kizazi kilichoona jambo hilo hakikuhitaji kufundishwa na wataalamu kwamba mali ya chanzo kimoja yaweza kutoweka.

Kuni za gari la moshi

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga boma lao Kilimatinde, juu ya ukuta, mahali penye hewa nzuri na kwenye njia ya zamani ya misafara. Lakini reli haikufuata boma. Ilipita kaskazini yake, na kwa sababu hiyo Kilimatinde ilianza kunyauka, na Manyoni, penye stesheni, ikaanza kukua, hata hatimaye makao ya wilaya yakahamia huko. Mji ulizaliwa na njia, kama vile mwingine ulivyodhoofishwa na njia hiyo hiyo.

Injini za kwanza zilikula kuni. Makaa ya mawe yangetoka mbali na kwa gharama kubwa, lakini miti ilikuwa kando ya njia, na watu wa kuikata walikuwapo, wengine kwa ujira mdogo na wengine kwa kusukumwa na kodi. Kuni zilipangwa penye vituo pamoja na matangi ya maji. Hivyo pori ambalo lilikuwa limewatisha wapagazi wa Burton likawa chakula cha injini. Kwa mara ya kwanza Manyoni ilitoa nguvu yenyewe badala ya kutazama mali ikipita. Lakini bei ya kuni haikuwekwa na mwenye pori. Mtemi wa Ugogo aliuza maji yake kwa hongo aliyoitaka, mkata kuni wa reli aliuza jasho lake kwa ujira alioambiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya kumiliki chanzo cha nguvu na kukifanyia kazi.

Katika miaka ya 1930 tawi la reli lilijengwa kutoka Manyoni kuelekea kaskazini, kupita Singida hadi Kinyangiri. Halikudumu. Katika miaka ya 1940 reli zake ziling'olewa, na ilichukua miaka mingi kabla ya njia ya kutoka Manyoni hadi Singida, kama kilomita 115, kujengwa upya. Wenyeji walijifunza kwamba hata chuma chaweza kuondoka kama msafara.

Mafuta

Baada ya Vita Kuu ya Pili injini za mvuke ziligeuzwa kidogo kidogo zichome mafuta mazito, na katika miaka ya 1960 na 1970 injini za dizeli zikachukua nafasi yake. Hapo uhusiano wa Manyoni na Ghuba ukafungwa upya, safari hii kwa fundo lililokaza. Mwaka 1938 mafuta mengi yalikuwa yamegunduliwa Burgan, katika Kuwait, na Dammam, katika Saudi Arabia. Abu Dhabi ilianza kuuza mafuta yake mwaka 1962, na Oman mwaka 1967. Kutoka visima vya sehemu hizo na jirani zake ndiko yalikotoka mengi ya mafuta yaliyosukuma magari ya Afrika ya Mashariki. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1966, lakini kusafisha mafuta ya mwingine si kuwa na mafuta.

Ubaya wa fundo hilo ulionekana mwishoni mwa mwaka 1973. Bei ya pipa iliyokuwa kama dola 3 ilipanda hata ikapita dola 11 mwezi wa Januari 1974. Kwa nchi za Ghuba hiyo ilikuwa siku ya kujiamulia mambo yao baada ya miaka mingi ya kuamuliwa na makampuni ya kigeni, na viongozi wengi wa Afrika waliwaelewa. Kwa Tanzania, iliyokuwa na ukame na upungufu wa chakula wakati ule ule, ilikuwa pigo. Fedha za kigeni zilizopatikana kwa pamba, kahawa na katani zilimezwa na mafuta. Mtu wa Manyoni aliyengoja gari la moshi lililochelewa kwa kukosa dizeli au vipuri alikuwa akilipa, bila kujua, sehemu ya mabadiliko yaliyoijenga miji ya Ghuba. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tanzania ilijaribu kujitegemea kwa maji ya mito yake. Bwawa la Kidatu, lililokuwa limeanzwa kabla ya bei kupanda, lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mtambo wa Mtera ukafuata mwaka 1988. Katika jambo hili Manyoni haikuwa mtazamaji tu, maana mto Kizigo, utokao katika mapori ya wilaya hiyo, huingia katika Ruaha Mkuu penye bwawa la Mtera. Lakini hekima ya kuacha mafuta na kushika maji ilikuwa na kasoro ile ile ya karafuu za Unguja. Kidatu na Mtera yote mawili yanakunywa kutoka Ruaha Mkuu. Mvua zilipokosekana, kama mwaka 2006 na mwaka 2011, nchi iliingia gizani kwa zamu. Ndipo gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufikishwa Dar es Salaam mwaka 2004, ikawa nguzo, na baadaye bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115, likaanza kutoa umeme mwaka 2024. Nguzo zimeongezeka kweli. Hata hivyo Ruaha Mkuu ni tawi la Rufiji, na mwenye kuhesabu nguzo hana budi kuhesabu pia mito inayozilisha.

Milango mingi ya Ghuba

Dola za Ghuba zilifanya nini na mali zao? Hazikufanya jambo moja. Kuwait ilianza mapema kuliko wote. Mwaka 1953, kabla hata ya uhuru wake, iliweka shirika London la kuwekeza akiba ya mafuta, na mwaka 1976 ikaanzisha hazina ya vizazi vijavyo. Bahrain, iliyokuwa na mafuta kidogo, iligeukia kuyeyusha alumini, na kuwa mahali pa mabenki. Dubai, ambayo nayo mafuta yake hayakuwa mengi, ilitia nguvu zake katika bandari na biashara. Yaonekana kwamba waliokuwa na kidogo ndio walioharakisha, na waliokuwa na kingi ndio waliochelewa, maana shibe haina haraka.

Oman ina habari yake, tena yenye kuwahusu wasemao Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwezi wa Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, watu wengi waliozaliwa na kusomeshwa Afrika ya Mashariki walirudi katika nchi ya babu zao. Nchi hiyo ilikuwa na mafuta, lakini haikuwa na shule za kutosha. Waliorudi walijua Kiingereza, hesabu na kazi za ofisi, wakajaza nafasi katika wizara na katika kampuni ya mafuta, na Kiswahili kikasikika katika barabara za Maskati. Basi mali ya kwanza iliyoisaidia Oman kuyatumia mafuta yake haikutoka chini ya ardhi, ilitoka katika madarasa.

Mwaka 1995 Oman ilitangaza mpango wa kufikia mwaka 2020, na katika mpango huo sehemu ya mafuta katika pato la nchi ilitazamiwa kushuka hadi asilimia 9. Mwaka huo ulipofika, mafuta na gesi bado yalikuwa ndiyo tegemeo kubwa la hazina ya serikali. Mpango mwingine wa mwaka 2040 ukachukua nafasi yake. Saudi Arabia nayo ilitangaza wake wa mwaka 2030 katika mwezi wa Aprili 2016, baada ya bei ya mafuta kuanguka. Ni vyepesi kuwacheka waliokosa shabaha, lakini ni bora kuuliza sababu. Serikali inayopata fedha zake kisimani haihitaji kodi ya raia, na raia asiyetozwa kodi huzoea kupewa. Kuibadili mitambo ni kazi ya miaka kumi. Kuibadili mazoea hayo ni kazi ya vizazi.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni kuongeza njia za kupata nguvu, la pili ni kuongeza njia za kupata riziki. Katika la kwanza Ghuba imeendelea sana. Oman imejenga mtambo wa umeme wa jua wa Ibri wenye megawati 500, na mitambo ya upepo katika Dhofar. Falme za Kiarabu zimejenga Barakah, katika Abu Dhabi, vinu vinne vya nguvu za atomiki vyenye jumla ya megawati 5,600. Cha kwanza kiliunganishwa na gridi mwaka 2020 na cha nne kikaanza kazi ya biashara mwaka 2024, na vyote pamoja hutoa kama robo ya umeme wa nchi. Lakini kila pipa na kila futi ya gesi isiyochomwa nyumbani yaweza kuuzwa nje. Kwa hiyo jua na atomiki, yasipofuatana na riziki mpya, huweza kuurefusha umri wa biashara ya mafuta badala ya kuumaliza. Ni karafuu na watumwa tena: nguzo mbili, msingi mmoja.

Manyoni tena

Mali ya Ghuba imerudi katika nchi ya Mgunda Mkali kwa njia ambayo watemi wa hongo wasingeitazamia. Barabara ya lami kutoka Chaya hadi Nyahua, kama kilomita 85, inayoendeleza ile ya Manyoni na Itigi kuelekea Tabora, ilijengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait wa Maendeleo ya Uchumi wa Nchi za Kiarabu, pamoja na fedha za Serikali ya Tanzania. Pale wapagazi walipokufa kwa kiu, mabasi hupita kwa saa chache, juu ya lami iliyolipiwa kwa sehemu na mafuta. Msingi wa mkopo huo ni ile akili ya Kuwait ya kugeuza mafuta kuwa kitu kinachobaki.

Kando ya barabara inajengwa reli mpya ya umeme. Safari zake za kutoka Dar es Salaam zilifika Dodoma mwaka 2024, na sehemu ya kutoka Makutupora, katika Wilaya ya Manyoni, hadi Tabora ilitiwa saini mwaka 2021. Gari la moshi lililokula kuni, kisha mafuta mazito, kisha dizeli, sasa litakula umeme, na baadhi ya umeme huo hutoka katika maji yanayoanzia katika mapori ya Manyoni yenyewe.

Zaidi ya hayo, uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba ardhi ya Bahi na Manyoni ina urani, karibu na uso wa nchi, katika mabonde yanayojaa maji wakati wa masika na kukauka kiangazi. Madini yanayotakiwa na vinu vya namna ya Barakah yamo chini ya malisho ya Wagogo na mashamba yao ya uwele. Ikiwa siku moja yatachimbwa, Manyoni itakuwa upande wa kisima kwa mara ya kwanza. Itabidi ichague basi baina ya mifano miwili iliyo katika historia yake yenyewe, mtemi aliyejua bei ya maji yake na mkata kuni aliyeambiwa ujira wake. Tena itabidi ikumbuke kwamba mabonde hayo hayo ndiyo yanayonywesha ng'ombe, na maji yakiharibika hayanunuliki tena kwa mrabaha.

Wakati mambo hayo makubwa yakingojewa, nguvu inayotumika zaidi katika nyumba za wilaya hiyo ni ile ile ya mwaka 1912, yaani kuni na mkaa. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilitangaza mkakati wa kuwawezesha asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Umbali baina ya waya wa reli ya umeme na jiko la mafiga matatu lililo chini yake ndio kipimo cha kazi iliyobaki. Miti ikizidi kukatwa kwa mkaa, Kizigo hupungua. Kizigo ukipungua, Mtera hupungua, na ule umeme unaopita juu ya jiko hupungua pamoja nao.

Ghuba ina fedha, na inatafuta namna ya kuishi baada ya mafuta. Manyoni haina fedha hizo, lakini ina kumbukumbu ya njia nne zilizopita kwake, ya pembe, ya kuni, ya dizeli na ya umeme, na inajua kwamba kila mara faida ilibaki kwa aliyemiliki mlango, wala si kwa aliyekaa kando ya njia. Milango mingi ni bora kuliko mmoja. Lakini swali ambalo watemi wa Ugogo waliliuliza kila msafara ulipotokea bado halijapata jibu jipya: ni nani mwenye maji, na ni nani atakayetaja bei?